Karata za Kutupa na Redio ya Huguette

Jumanne, 2 Juni 1998
Jana nimepoteza redio kwenye karata. Si yangu, ya Huguette, mke wangu. Yuko Uvira, ng’ambo ya mpaka, kununua mafuta ya mawese, anarudi Jumapili. Kila asubuhi redio humwambia barabara gani imefungwa, ndipo anatoka kuuza. Nilipopoteza pasi yake alisema mara nyingine nitajieleza kwa kaka yake. Kaka yake ni mchinjaji. Hasikilizi maelezo.

Redio iko kwa jirani yangu Sylvère, karani mstaafu, mutu wa kujivuna. Poka, mchezo wa karata, tunachezea uani kwake, hapa mtaani Jabe, kwa maharage. Kila mmoja anaweka kitu chake kwenye benchi, na jioni, kabla ya saa ya amri ya kujifungia ndani, mwenye maharage mengi anachagua kimoja. Leo Sylvère ameiweka redio pale, na anasema ataiweka kila siku. Kunichokoza tu!

Lakini leo nimepata siri. Mugisho, mpishi wa wazungu kule Kinindo, anasema mabosi zake hutazama karata mbili za kwanza, na zikiwa mbaya wanazitupa papo hapo. Asi mbili, zile zenye A, kaa. Asi na mfalme, kaa. Saba na mbili, kimbia. Za rangi moja, kaa kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Hakusema, wali ulikuwa unaungua.

Jumatano, 3 Juni
Nimetupa. Nimetupa tena. Mugisho hakujua sheria ya uani kwetu: anayetupa karata anakwenda kugeuza mishikaki. Mchana kutwa nimekuwa motoni! Macho mekundu, koti linanuka mbuzi. Dorothée, mjane muuza nyanya, akauliza: “Muzee Namegabe, umekuja kucheza ao umeajiriwa?”

Mwishowe, asi mbili! Nikakaa. Nikakohoa kidogo, kwa heshima. Wote wakanitazama, wakatupa karata, wakakimbilia motoni. Nimeshinda punje chache za maharage, wao wamekula mishikaki yangu yote. Sielewi. Karata nzuri zina faida gani kama zinafukuza watu?

Sylvère amechukua kofia yangu.

Ijumaa, 5 Juni
Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Nikikaa, wanakimbia. Basi si lazima karata ziwe nzuri! Kinachotakiwa ni kukaa.

Leo nimekaa na saba na mbili. Wakakimbia! Nimekaa na nne na tisa. Wakakimbia! Maharage mbele yangu kama kilima, Sylvère anapuliza moto na kofia yangu kichwani. Mara milio ya risasi upande wa mtaa wa Kinama. Kila mutu kwake, mbio. Nilirudi kuchungulia juu ya ukuta: mchezo usiokwisha hauhesabiwi, alisema Sylvère. Nikauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Akasema ofisini. Ofisi gani? Amestaafu!

Jumamosi, 6 Juni
Siku ya mwisho. Kwenye benchi nimeweka viatu, sina kingine. Nikapewa tatu na nane. Nikakaa, nikakohoa. Sylvère akakimbia. Dorothée akabaki.

Nikakohoa zaidi. Akaniuliza kama nimekunywa dawa. Nikasukuma maharage yote. Naye akasukuma. Jasho! Nikamkumbusha kwa upole kwamba mutu mwenye akili sasa angekuwa motoni. Akajibu: “Apana, muzee. Nimevaa kitenge cha kwaya, kesho naimba. Sitaki moshi.”

Alikuwa na tano na tisa. Tisa nyingine ikafunguka katikati, kwenye karata za wote. Mimi, hewa.

Jioni ndiye mwenye maharage mengi. Redio iko pale, inang’aa, na yeye anachagua viatu vyangu! Mkwe wake ana mguu kama wangu.

Jumapili, 7 Juni
Huguette amefika. Ametazama rafu. Ametazama miguu yangu. Amenusa koti. Akatoka. Nikajua amekwenda kwa kaka yake, nikavaa suruali mbili.

Kumbe alikwenda kwa Sylvère. Amerudi na redio kwapani. Sylvère mwenyewe amenieleza juu ya ukuta. Huguette alimwambia redio ameinunua kwa mafuta yake, na mume hawezi kupoteza kitu kisicho chake. Sylvère akatafuta sheria ya kumpinga. Hakupata hata moja!

Nikaomba anidaie na viatu. Huguette akasema viatu ni vyangu, basi vimekwenda. Kaka yake hataitwa, nisirudie tu. Nimeapa.

Kisha nikakaa na kufikiri. Changu kikipotea, kimepotea. Chake kikipotea, kinarudi. Sasa nilikuwa nahangaika na asi na wafalme za nini? Siri haikuwa kwenye karata, ilikuwa kwenye benchi!

Kesho nabeba sufuria yake kubwa. Nikishinda, viatu. Nikishindwa, Huguette ataifuata.