Mnunuzi wa Kokwa za Zambarau

Mbaruku alikwenda Kisutu kuuza saa tatu za dhahabu ambazo hazikuwa za dhahabu, na moja, tukisema kweli, haikuwa hata saa, maana mishale yake ilikuwa imechorwa. Jua lilipomzidi aliingia kwenye duka la dawa za mitishamba za Kihindi, si kwa kuumwa, bali kwa kuwa lilikuwa na feni. Humo akamwona mama mmoja wa heshima zake akitoa shilingi elfu ishirini na tano, akikabidhiwa kikopo kidogo cha unga wa kahawia, na bado akishukuru.

Kwenye kikopo palikuwa na picha. Mbaruku aliikodolea macho.

"Dada, samahani," alimwambia muuzaji, "hii si ndiyo zambarau yetu hii, inayotuchafua midomo?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nyumbani tunaita jamun," alijibu muuzaji, dada wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia hapo hapo Kisutu. "Kwenye Ayurveda, tiba ya wazee wetu, mti wote una kazi. Gome unalichemsha, unasukutua fizi zikiuma, au unakunywa kidogo tumbo likiharisha. Juisi ya tunda unatia chumvi nyeusi, ni ya tumbo lililojaa gesi. Kokwa zinakaushwa na kusagwa, wanatumia wenye sukari."

"Kokwa? Zile tunazotema?"

"Ninyi mnatema. Sisi tunaagiza toka India."

Mbaruku alitoka dukani bila kumwonyesha mtu saa hata moja. Wanaomfahamu watakwambia hilo halijawahi kutokea.

Sasa nimseme vibaya kidogo, kisha nimtetee. Kwa miaka kumi na minne mtu huyu aliishi Kariakoo kwa mdomo wake. Aliuza simu zenye sabuni ndani, aliuza tiketi za matamasha yasiyokuwepo, na siku moja aliuza nafasi ya tatu kwenye foleni ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa tisa. Lakini alichoka. Alichoka kukimbia, alichoka kubadilisha mitaa kila mteja wa jana anapotokea kona ya Msimbazi. Alitaka fremu, chumba cha duka lake mwenyewe. Upande wa Gerezani ilikuwepo moja, ndogo, yenye mlango wa bluu, na mwenye nyumba alitaka kilemba, hela ya kuingilia, cha milioni tatu kabla ya Jumamosi jioni, atakayewahi ni yake. Mbaruku alikuwa na milioni moja, jasho la uongo wa miaka yote. Alikuwa anaitaka fremu ile mpaka usingizi unakatika.

Siku ya pili akavaa kanzu nyeupe na barakashia, akaenda Ilala kwa Bi Maimuna, mjane mwenye mzambarau mkubwa uani. Mbaruku alidhani atamfundisha bibi kukausha kokwa. Kumbe bibi anakausha tangu alipofundishwa na jirani yake wa Kigujarati miaka ya nyuma, na stoo ina magunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeswali?"

"Bibi, mimi na msikiti!" alisema Mbaruku, akafumba macho kidogo kwa unyenyekevu.

Bi Maimuna alifurahi. Wakakubaliana kilo hamsini, elfu mbili kila kilo, hela baada ya mzigo kuuzwa. "Kijana wa swala tano hawezi kunidhulumu," alisema. Kwenye hilo nadhani Mbaruku aliona haya, ingawa haikumkaa muda mrefu.

Jioni hiyo hiyo alikuwa Msimbazi kwa Theophil, Mchaga muuzaji wa jumla wa ndoo na mabeseni. Theophil alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: akisikia faida, masikio yake yanafunga njia ya kila kitu kingine. Mkewe Severa alikaa nyuma ya kaunta, karibu na droo ya hela, na hakuwa msemaji.

"Mambo, mangi!"

"Poa. Kama ni zile saa, pitiliza."

"Saa za nini? Nina mteja. Vaidya Jayant, mtaalamu wa Ayurveda kutoka Bombay. Anataka kilo hamsini za kokwa za zambarau, kila kilo anakulipa elfu sabini. Mimi nakupa kwa elfu arobaini."

"Na kwa nini usimuuzie mwenyewe?"

Mbaruku alishusha pumzi ya mtu aliyeonewa. "Anataka risiti, mangi. Anataka mtu mwenye duka. Mimi ofisi yangu ni hizi ndala."

Theophil akapiga hesabu midomo ikicheza, kisha akataka namba ya Vaidya. Mbaruku akampa, akasema ana dharura, akakimbia hadi nyuma ya marobota ya mitumba mtaa wa pili. Laini yake ya pili ilikuwa inaita tayari.

"Vaidya hapa naongea," alisema, kwa lafudhi ambayo hakuna Mhindi yeyote amewahi kuzaliwa nayo.

"Vaidya, shikamoo. Mzigo upo. Lakini hapa Kariakoo oda ina advansi. Milioni moja mkononi. Siku saba zikipita hujachukua mzigo, advansi imeliwa. Ndio utaratibu wetu."

Jasho lilimtoka Vaidya. Milioni moja ndiyo yote aliyokuwa nayo duniani. Lakini Theophil angempa milioni mbili kwa kokwa hizo, Vaidya angeitwa Bombay ghafla na kurudishiwa advansi kabla ya siku saba, na jumla ya Mbaruku, hela ya bibi ikisubiri, ingekuwa tatu kamili. Ilikaa vizuri mno kichwani.

"Advansi kesho," alisema Vaidya. "Naleta kijana wangu Mbaruku. Kijana mwaminifu sana huyo."

Asubuhi aliipeleka mwenyewe kwenye bahasha. Severa aliipokea, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Sasa nataka kuuona mti," alisema Theophil. "Sinunui nisichokiona."

Kila dalali wa mji huu anajua jambo moja: usiwaache muuzaji na mnunuzi peke yao. Kaa katikati, cheka, jibu wewe, kohoa bei ikitaka kutajwa. Mbaruku alilijua hilo kuliko jina la baba yake. Basi wakaenda Ilala mchana wa Ijumaa, yeye ndani ya kanzu yake, na alikaa katikati yao hasa, kwenye mkeka, chini ya dirisha.

"Bibi, huyu ni mtafiti wa mimea," alisema. "Mambo ya bei hayajui kabisa."

Bi Maimuna alileta juisi ya zambarau yenye chumvi nyeusi. Theophil alikunywa, akabeua, akaheshimu tiba ya Kihindi papo hapo. Ndipo adhana ikasikika.

Mbaruku alijifanya hasikii. Alianza kueleza habari za majani ya mzambarau.

"Mwanangu," alisema Bi Maimuna, "adhana hiyo. Leo Ijumaa."

"Naam, bibi. Nitakwenda sasa hivi."

"Utakwenda saa ngapi, khatibu akishapanda mimbari? Nyanyuka! Mgeni wako nitakaa naye mimi. Hatoibiwa."

Alimtazama Theophil, akamtazama bibi, akaitazama kanzu yake nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Angefanya nini? Alinyanyuka. Hotuba siku hiyo ilihusu haki za majirani, na majirani wana haki nyingi sana. Mbaruku aliswali, akawa wa kwanza kutafuta viatu, akarudi mbio, akawakuta wawili wale wanacheka kwa sauti na Theophil anaaga.

"Mmeongea nini?"

"Habari za majani," alisema Theophil.

Jumamosi asubuhi, siku ya malipo waliyopatana, Mbaruku alitokea Msimbazi na kanzu yake ile ile kuchukua milioni zake mbili. Mlangoni aliona magunia ya kokwa.

"Mangi, hizi zimetoka wapi?"

"Kwa Bi Maimuna. Kanipa kilo kwa elfu tatu, mama wa watu kashukuru mpaka kaniombea dua." Theophil hakuona haya hata chembe. "Usinune, aisee. Biashara. Cha udalali utapata Vaidya akichukua mzigo. Ngoja nimwambie mzigo upo tayari."

Akabonyeza simu. Ndani ya kanzu ya Mbaruku kitu kikaanza kulia.

"Pokea simu yako," alisema Theophil. "Huyu Vaidya hapokei."

"Si muhimu," alisema Mbaruku kwa sauti nyembamba.

Theophil alikata. Kanzu ikanyamaza. Severa, aliyekuwa anafunga mabeseni kwa kamba, aliacha kufunga.

"Mpigie tena, baba Brightness," alisema.

Akapiga. Kanzu ikalia.

"Basi, kata," Severa alimwambia mumewe. "Kamsaidie yule mteja wa ndoo." Theophil alipotoka, akasogea. "Vaidya, advansi yako unaidai?"

Mbaruku alifikiri. Akidai, yeye ni Vaidya, na Vaidya ni kesi ya polisi. Asipodai, miaka kumi na minne imekwenda.

"Siidai, mama," alisema, na machozi yalikuwa karibu kweli, si yale ya kazini.

"Vizuri, maana haipo. Zile mbili tulizokuwekea wewe tumeongeza na moja ya Vaidya, jana jioni tumelipa kilemba cha fremu ya Gerezani. Ya mlango wa bluu. Kokwa hazina mnunuzi, sawa, tutazisaga sisi. Bi Maimuna anajua namna. Kinachokosekana ni mtu wa mdomo. Elfu kumi na tano kwa siku, chakula juu yangu."

Mbaruku aliingia kwenye fremu ile Jumatatu. Alilia kidogo alipoufungua mlango, kisha akafagia. Severa alimpa sharti moja, akalirudia mara tatu huku amemnyooshea kidole: asidanganye neno. Siku ile alikaa humo ndani kumsikiliza.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa makamo aliyetembea polepole. Alikinyanyua kikopo.

"Kijana, hii inaponya sukari?"

Ulimi wa Mbaruku ulikuwa umeshajipanga: inaponya sukari, presha, mgongo na madeni. Alimtazama Severa.

"Haiponyi, mzee," alisema, na kila neno lilimuuma likitoka. "Wahindi wanaitumia toka zamani, wapo wanaosema inawasaidia. Lakini dawa zako za hospitali usiziache, na mwambie daktari wako kabla hujaanza. Ladha yake chungu. Kokwa ni za Ilala."

Mzee alimtazama kwa mshangao, akamgeukia Severa.

"Toka nianze kuumwa," alisema, "huyu ndiye muuzaji wa kwanza asiyenidanganya. Nipe vikopo vitatu, na kimoja cha dada yangu."

Mbaruku alivifunga vikopo vinne. Kwa miaka kumi na minne ya uongo hakuwahi kumuuzia mtu mmoja vitu vinne kwa mpigo, na uchungu wa jambo hilo hakuweza kumweleza mtu yeyote.