Sauti ya Kuwaita Vifaranga

Jumanne, 4 Machi
Vifaranga thelathini na sita wametoka kwenye mashine ya kuangulia. Wazuri mno! Lakini hawali. Chakula kiko mbele yao, wao wamekaa chini ya taa wananitazama. Fundi aliyeniuzia mashine anasema asiyekula kufikia siku ya tatu, ndiyo basi tena. Mama mkwe, aliyekuja kutushonea mapazia, akauliza mama yao yuko wapi. Nikamweleza habari za teknolojia. Akarudi kwenye cherehani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Kuku huwaita wanawe kwa sauti. Nikaingia banda la jirani, nikamwekea kuku wake simu mdomoni, nikarekodi dakika tatu nzima. Ana sauti kali huyo! Kanidonoa vidole viwili.
Nikawawekea vifaranga. Wote wakalala kifudifudi, kimya. Nikaongeza sauti. Wakajibanza pembeni, wakapandana. Mama mkwe akaacha kushona, akasikiliza.
"Mwanangu, huyo kuku anasema kuna mwewe."
Mke wangu akafafanua kwamba mwewe mwenyewe ndiye mimi. Hakuulizwa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya tatu. Mdogo kuliko wote, Bonge, hasimami. Nimemshika kiganjani, moyo ukaniuma. Nampenda, niseme ukweli.
Mama mkwe akaja na subana yake kidoleni, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano. Akagonga sinia la chakula: ko, ko, ko. Wakaja mbio! Bonge wa mwisho, anapepesuka, akadonoa punje moja. Halafu nyingine. Nikafuta macho. Vumbi la pumba.
Mchana akanigongea sahani yangu kwa subana hiyohiyo. Nikaja mbio. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi
Wanakula wote. Ila mama mkwe anaondoka kesho na subana yake. Nitafanyaje? Kurekodi! Nikajificha nyuma ya mapazia mapya, nikamnyemelea akiwalisha, nikamwekea simu karibu na kidole chenye subana. Akapiga yowe mpaka jirani akaja.
Kanisamehe, mama wa watu. Hata subana kaniachia, zawadi.
Jioni nimewawekea rekodi hiyohiyo. Wote kifudifudi, hata Bonge. Ni spika tu, nina hakika. Kesho nanunua kubwa zaidi. Kwa sasa simu nimeiegemeza kwenye ile subana.