Kipa Mmoja, Mabao Manne

Jumatatu, 5 Mei
Mwalimu wa hesabu ameanza uwiano kinyume. Ukizidisha kimoja mara mbili, kingine kinabaki nusu. Watu watatu wanachimba mtaro siku nane. Sita wanauchimba siku nne. Mteremko! Halafu akatutupia bomu: jaribio Ijumaa. Na kwa kuwa yeye ndiye kocha, atakayepata chini ya hamsini hachezi fainali Jumamosi. Mimi ndiye kipa! Kipa wa akiba, tunayemwita Gundi, akanitazama na kutabasamu. Nimemwekea kinyongo.

Jumanne, 6 Mei
Dada kasema mada hii inataka saa sita za kusoma. Saa sita! Anataka kuniua. Lakini kichwa changu si cha kufugia nywele. Mtu mmoja, saa sita. Watu kumi na wawili, nusu saa! Nimeshawakusanya wenzangu kumi na mmoja wa darasani, wasio kwenye timu. Gundi sikumwalika. Ahangaike peke yake.

Jumatano, 7 Mei
Tumekutana kwenye chumba cha mama cha kushonea. Kila mtu ukurasa wake. Nusu saa, mada imekwisha! Tukapongezana. Mama akafoka kwamba kuna mtu kakalia suruali ya mteja. Dada akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia tangi la maji, na mchoro wake. Akauliza kurasa nyingine kumi na moja je. Nikamjibu zipo, wanazo wenzangu. Akashika kichwa akatoka. Wivu.

Alhamisi, 8 Mei
Gundi yuko maktaba tangu jana, macho mekundu kama pilipili. Nimemhurumia, kweli. Mimi nimeshinda uwanjani nikidaka mipira.

Ijumaa, 9 Mei
Maswali kumi. Tangi la maji: moja tu! Waliosoma mengine wamekaa mbali nami, na nilipomkonyeza mmoja, mwalimu akanihamishia mbele. Swali la nne: mafundi wanne wanashona sare kwa siku kumi, wanane je? Nikaandika siku ishirini. Mafundi nawajua, nimekulia kwao. Wakifika wanane ni umbea tu, sindano zinalala. Mwalimu kanipiga mkasi mwekundu wa kosa. Nimepata kumi. Gundi tisini. Nimelia chooni, sioni haya kusema.

Jumamosi, 10 Mei
Fainali nimeitazama kutoka benchi, nimekumbatia chupa za maji za wachezaji. Roho iliniuma. Gundi kasimama golini na glavu zangu! Tumefungwa manne bila. Kocha alikaa tu anatazama nyasi. Nikamwonea huruma, na hapo hapo akili ikanijia. Kipa mmoja, mabao manne. Makipa wawili, mabao mawili. Makipa wanne, bao moja! Tena nimepiga hesabu mara mbili, haina kasoro. Jumatatu asubuhi namwandikia kocha barua: tupangwe golini wanane, hata Gundi nitamruhusu. Tutafungwa nusu bao. Hapo refa atajua mwenyewe atakavyoliandika.