Nimebwagwa na mama mkwe

Leo nimedhalilika. Tena si kidogo, na aliyenidhalilisha sasa hivi yuko sebuleni kwangu anakunywa chai yangu.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Jumamosi ya baridi ya Lushoto, blanketi, redio, nani kama mimi? Lakini mwaka huu mke wangu, Mama Zawadi, aliniandikisha aikido, ule mchezo wa Kijapani wa kumzungusha mtu mpaka aanguke. "Angalau utoke uone jua." (Mazoezi yanafanyika ndani ya ghala la zamani la viazi. Jua lenyewe silioni.)

Wiki hii mama mkwe amekuja kutoka Mponde kumwona mjukuu. Na ukweni wana neno lao juu yangu: eti binti yao kaolewa na mtu anayeshinda ndani kama kuku anayeatamia. Mke wangu, kwa kunitetea, akamwambia, "Mama, huyu siku hizi anapigana! Twende ukaone."

Mama akaja. Nikajua leo ndiyo leo. Jina langu kule Mponde ama linasafishwa, ama linazikwa.

Pale mazoezini kuna taratibu. Mnafagia wote, hata mwenye mkanda mweusi anashika ufagio. Unapiga magoti na kumwinamia mwenzako kabla ya kumtupa, na ukishamtupa unamwinamia tena. Na Mwalimu Hoza hapendi watazamaji. Ukiingia mle unavua viatu, unafanya.

"Mama, karibu mkekani," Mwalimu akamwambia.

"Mie? Na magoti haya?"

"Yakichoka tutaazima ya mkweo."

Watu wakacheka. Mama akakaza kilemba, akafunga kanga juu ya suruali ya mazoezi ya binti yake, akapanda.

Sasa, kwa wasiojua: kwetu Usambaani mama mkwe hashikwi. Humpi mkono, humkodolei macho, na mkikutana kwenye kijia unampisha, shikamoo unaitolea huko kwenye majani. Lakini sheria ya Mwalimu Hoza ni kwamba akipiga kofi la ishara kila mtu anabadilisha mwenzake, na hakuna kumkataa mtu.

Akapiga kofi. Nikaenda pembeni kufunga mkanda upya. Akapiga tena. Nikaenda chooni. Akapiga tena. Mkanda.

"Baba Zawadi! Huo mkanda una nini leo? Nenda kwa mama pale."

"Mwalimu, yule ni mkwe wangu."

"Hapa hakuna mkwe. Kuna mtu na mwenzake."

(Msambaa mwenzangu huyo! Anajua kabisa anachonifanyia.)

Nikapiga magoti, nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Haya shika, baridi inaniingia."

Tukasimama. Nikashika ncha ya mkono wa sweta lake kwa vidole viwili, uso nimeugeuzia ukutani.

"Mkwe, mbona unanishika kama sufuria iliyotoka motoni?"

"Mshike kweli," Mwalimu akadakia. "Usipomshika hajifunzi kitu."

Nikafumba macho, nikashika. Jamani! Mkono wa mtu aliyechuma chai tangu usichana wake si mkono, ni mzizi wa mkaratusi. Akageuka vilevile alivyofundishwa, akashusha kiuno, na mimi nikaona dari, ukuta, dari tena. Puu!

Ghala zima makofi.

Ningebaki pale chini ingekuwa aibu ya kawaida tu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nageuza shingo, namwona mama mkwe anapiga magoti aniinamie. Mimi! Mkwe!

Malezi yakanipanda kichwani. Nikajitupa kifudifudi niwe chini kuliko yeye. Yeye, akidhani ndivyo inavyotakiwa, akainama zaidi. Nikashuka. Akashuka. Nikajibana hadi pua ikagusa mkeka.

"Mnakwenda wapi?" Mwalimu anapiga kelele. "Hapo chini kuna sakafu!"

Nikainua kichwa kumsihi, "Mama, basi, tafadhali..." Kumbe na yeye ndiyo anashuka.

Ngo!

Kichwa kwa kichwa. Nimempiga mama mkwe kichwa! Kilemba kikafunguka chote, mvi hadharani, na mimi nimejifunika macho kwa mikono miwili kama mtoto aliyekatazwa kuchungulia. Mama akasema neno la Kishambaa ambalo sitawatafsiria. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kitako. Mke wangu yeye alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta machozi kwa ufagio. (Sijui kwa nini ufagio. Ndio uliokuwa karibu.)

Sasa hivi mama mkwe anaongea na baba mkwe kwa simu, na hajui kuzima spika.

"Hapana, mzee wangu, si mgonjwa. Na heshima anayo, mpaka nimevimba paji la uso. Ila mwepesi! Nimemwinua kama tenga la chai lisilojaa."

Baba mkwe anauliza: "Si ndiye uliyeambiwa anapigana?"

"Ndiye. Msimcheke. Kuanguka anajua vizuri sana."

Nyuma ya baba mkwe nawasikia mashemeji, wote, wanavyokohoa kwa kicheko.

Nanyi nawaomba msicheke. Kama una namna ya heshima ya kumkumbusha mama mkwe kuwa kwake Mponde chai inamsubiri, niandikie haraka. Ameshaulizia gwanda la mazoezi la saizi yake.