Mkalimani wa Digrii za Kompyuta

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima, na suti nilikuwa nimeivaa!

Tulieni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wambea wa Kasulu, maana wale wataongeza chumvi. (Mimi siongezi. Mnanijua.)

Mnafahamu nimemaliza kidato cha sita kwa masomo ya jioni. Mchana jembe, jioni hisabati, mpaka nikawa naota maharage yana vipeuo. Matokeo yalipotoka nikatangaza mji mzima: naenda chuo kikuu kusomea kompyuta! Kikwazo kimoja tu. Bibi yangu. Ndiye aliyenilea, shamba ni lake, na kwake yeye kompyuta ni yule dada wa pale sokoni anayechapa barua na kutoa fotokopi.

"Miaka mitatu unajifunza kuchapa barua?" aliniuliza juzi. "Yule dada alijifunza kwa mwezi, na mtoto alikuwa mgongoni!"

Nikaeleza mpaka koo likakauka. Mwishowe akatoa hukumu: "Mtu wa chuo mwenyewe aje aniambie. Nikiridhika, nenda na baraka zangu. Nisiporidhika, jembe lako lipo nyuma ya mlango."

Basi leo mchana, ukumbi wa kanisa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu huko Dar es Salaam kueleza habari za digrii za kompyuta. Bibi kawahi, kakaa mbele kabisa na kitenge chake cha Krismasi. Mimi nikachelewa. (Suti ni ya shemeji. Suruali ilikuwa inafagia barabara, ikabidi niikunje na kuibana kwa pini.) Naingia tu, namkuta mgeni amesimama anauliza:

"Nani anisaidie kutafsiri kwa Kiha, wazee wetu wasiachwe nyuma?"

Kabla hajafunga mdomo nilikuwa jukwaani.

Sasa ninyi mnajua mambo yetu huku. Mkalimani si spika ya redio. Mhubiri akisema "Mungu ni mwema", mkalimani anashusha mahubiri yake kamili, na waumini wanaitikia amina kwa yote mawili. Nikamtazama mgeni: miwani, kucha nyekundu, Kiswahili cha Dar kilichonyooshwa kwa pasi. Nikasema moyoni, huyu Kiha kakijulia wapi? Nikamtazama na Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi kwa jirani. Nikaona kabisa njia ya chuo imefunguka.

Mgeni akaanza: "Kuna sayansi ya kompyuta, kuna uhandisi wa kompyuta, na kuna teknolojia ya habari. Zinakaribiana, lakini si kitu kimoja."

Mimi, kwa Kiha, macho kwa Bibi: "Anasema digrii ziko tatu, na hakuna hata moja inayofundisha kuchapa barua. Wenye digrii hizi wanachapiwa!"

Ukumbi ukacheka. Nikapata moto.

"Sifa ya kuingia," akasema mgeni, "ni prinsipo mbili, yaani kufaulu masomo mawili ya kidato cha sita, na hisabati iwe mojawapo. Asiye nayo aanzie stashahada."

Mimi: "Anasema wanataka hisabati. Na mwenye E aheshimiwe, maana E ya hisabati ni sawa na A ya masomo mengine yote yakiunganishwa." (Nina E. Sijui kama nilishawaambia.) "Halafu waliosoma jioni wanapendwa mno, kwa sababu wamezoea giza, na ndani ya kompyuta kuna giza."

Watu hoi! Mzee wa kanisa anafuta machozi kwa kofia. Akina mama wanagongana mabega. Kumbe nina kipaji, nikawaza, na wamekuwa wakinificha! Hata mgeni mwenyewe alikuwa ameuma mdomo, anaangalia dari. Nikadhani anahesabu mbao.

Mgeni akakohoa kidogo. "Mwanafunzi ajiandae kusoma kwa bidii. Wengine hushindwa mwaka wa kwanza tu."

Mimi: "Anasema kijana akishaondoka, bibi yake asimpigie simu za kupalilia. Na siku akihitimu, serikali inakuja kumjengea bibi nyumba ya bati. Bati jekundu!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Kuna mama mmoja aliteleza kwenye benchi. Nami nikainua mikono kama mgombea.

Mgeni akaweka kipaza sauti chini. Akashuka jukwaani, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, akainama, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumwamkia mkubwa, na kwa Kiha, kile cha Busunzu chenyewe, akasema:

"Bibi, ya bati sikuyasema mimi."

Pini ya suruali ikafunguka.

Kumbe mama yake ni wa Busunzu, kule Kibondo! Kumbe alipoingia aliwaamkia wote kwa Kiha, akawaambia anasikia kila neno, ila kueleza mambo ya digrii ndiko hakuwezi, kwa hiyo anaomba mkalimani. Ukumbi mzima ulijua. Mzima! Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nakunja suruali.

"Bibi, hata wewe ulijua?"

"Mgeni nilijua anasikia," akasema. "Na wewe nakujua tangu unanyonya. Nilitaka nione utaishia wapi, mwana wanje, mwanangu mimi. Umeishia kwenye bati."

Kisha akaacha kucheka. Akamgeukia mgeni, amuulize la kweli: huyu anafaa au hafai? Safari hii alitafsiri mzee wa kanisa, neno kwa neno, chukuchuku.

Mgeni akaniuliza prinsipo zangu. Nikasema kwa sauti ya panya: "Hisabati E. Fizikia C."

"Anaruhusiwa kuomba," akasema mgeni. "Kupata ni ushindani. Lakini Bibi, sikufichi. Kompyuta inafanya kile ilichoambiwa tu. Yenyewe haiongezi kitu. Sijui huyu wataelewana vipi."

Bibi akanigeukia, akanipima kwa macho. Nikaliona jembe nyuma ya mlango, nikaliona na shamba lote la maharage linanisubiri.

"Haiongezi hata neno moja?" akauliza.

"Hata moja."

"Na mtu akikaa nayo miaka mitatu, anakuwa kama yenyewe?"

Mgeni akacheka. "Wengi wao, Bibi."

Bibi akapiga makofi, akanyanyuka na fimbo yake. "Basi mchukueni leo leo!"

Baraka nimezipata, suruali nimeburuta mpaka nyumbani. Ombi langu ni moja tu, ndugu zangu: mkimsimulia mtu, simulieni hivi hivi, msiongeze hata neno. Ya kuongeza nimeshaongeza mwenyewe.