Fimbo ya Kamanda na Jina la Mtoto

Jumatatu, 6 Mei
Mke wangu Araba kajifungua juzi kwao Saltpond. Mtoto wa kike. Simu imenikuta kwenye foleni ya uji, nikaongea kwa kunong'ona, mkono mdomoni. Jumamosi ni siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina. Baba lazima awepo. Nikaenda kwenye ubao wa zamu: Koplo Ebo Quansah, lindo la lango, Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni. Bahati mbaya? Sidhani. Orodha huandikwa na Sajini-meja Dzokoto, na leo kakohoa alipopita karibu yangu.

Ruhusa siombi. Ukimwonyesha Dzokoto panapouma, ndipo atakapobonyeza. Ipo njia nyingine. Kwenye gwaride la lindo, askari aliyependeza kuliko wote hukabidhiwa fimbo ya kamanda, na mwenye fimbo husamehewa lindo. Anakwenda zake. Nitaichukua mimi.

Jumanne, 7 Mei
Mchakamchaka kilomita nane, kisha kufyeka nyasi nyuma ya jiko. Bunduki tunazo, lakini adui tunayepambana naye kila siku ni nyasi. Pembeni yangu alikuwa Sulemana, askari asiye na cheo, mtu wa Tamale, mpole kupita kiasi. Fimbo kaichukua mara tano. Kaniuliza mbona nina mawazo. Baada ya kupiga panga mara mbili tatu, kaniuliza shemeji hajambo. Nikamjibu hajambo, nikafunga mdomo. Mtu anayemjulia hali mke wa mwenzake kabla ya chai, huyo katumwa.

Jumatano, 8 Mei
Nimegundua siri yake. Ana kikopo kisicho na maandishi, anakiweka chini ya kitanda kando ya mabuti. Alipokwenda kuswali nikakifungua. Mafuta mazito, rangi ya maziwa, harufu ya karanga. Si rangi ya viatu ya ghala letu. Dawa ya kwao hiyo. Ndiyo maana mabuti yake yanang'aa mpaka unaona meno yako. Nimechota kidole kimoja, nikapaka buti la kushoto kwa majaribio.

Alhamisi, 9 Mei
Yalikuwa mafuta ya shea. Ya kupaka visigino vilivyopasuka. Buti limefubaa, limekamata vumbi jekundu la uwanja mzima. Kwenye ukaguzi Dzokoto kalitazama la kushoto, kalitazama la kulia, kaniuliza kama miguu yangu iko jeshi moja. Mstari mzima ukacheka. Sulemana hakucheka. Jioni kaniletea kitambaa safi na kunionyesha namna ya kulirudisha buti: maji kidogo, rangi kidogo, duara ndogondogo. Limerudi. Lakini nauliza, nani anaweka mafuta ya visigino karibu na mabuti kama si kutega mtu?

Halafu nikapita kwenye ubao. Kwenye lindo la Ijumaa, kando ya jina langu, jina la Sulemana limeongezwa kwa penseli. Anakuja kunipokonya fimbo. Sasa nimeelewa zile salamu zote.

Ijumaa, 10 Mei
Naandika nikiwa na adhabu ya siku saba za kutotoka kambini.

Mchana, Sulemana akiwa bafuni, nilichomoa nembo kwenye bereti yake, nikaitia mfukoni. Bila nembo huwezi kupewa fimbo, hata ung'ae kama jua. Saa kumi na moja tukasimama gwaridani. Dzokoto akafika kwake, akamuuliza nembo iko wapi. Sulemana akasema, "Sijui, Afande. Mchana ilikuwepo." Mimi jasho likaniingia machoni. Tulipoamriwa kulegea nikatoa leso. Nembo ikatoka nayo, ikaanguka sarujini. Ilisikika mpaka jikoni.

Dzokoto akaiokota. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akatoa karatasi mfukoni mwake, akanisomea mbele ya wote: ruhusa ya siku mbili, Koplo Quansah, kwenda kumpa mtoto jina. Sulemana alinisikia kwenye simu Jumatatu, akaenda kumwomba Dzokoto amruhusu anishikie lindo. Lile jina la penseli lilikuwa la hilo.

"Ungekuja kuniomba, ningekupa siku ileile," kasema Dzokoto. "Mimi nina watoto sita, Quansah. Ulidhani nimewaokota?"

Akaichana karatasi mara nne.

Jumamosi, 11 Mei
Lindoni nimeondolewa, nikapewa panga. Nimefyeka nyasi asubuhi nzima. Saa tatu nikasimama. Saa hiyo ndipo walipokuwa wakimtoa mtoto nje kumpa jina. Nikakaa juu ya ndoo kidogo, panga magotini.

Zawadi ambazo kambi ilimchangia mtoto zilishafungwa, na Dzokoto kakataa zilale. Kampa Sulemana fimbo, na kwa kuwa mwenye fimbo yuko huru, kamtuma azipeleke. Karudi jioni na picha kwenye simu. Mtoto anaitwa Ama Nyameye. Babu yake kamdondoshea ulimini tone la maji na tone la kinywaji kikali: ukisema maji, yawe maji, ukisema pombe, iwe pombe. Hakulia. Nimeitazama picha ile muda mrefu. Ana paji langu la uso.

Araba kanitumia salamu fupi: kwani kuomba kunauma? Sulemana naye kasema, "Ungeniambia tu, Afande Koplo." Ya nembo hakuitaja kabisa. Akaniachia sahani iliyofunikwa, kenkey, yaani donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga kutoka kwa mama mkwe.

Jumapili, 12 Mei
Nimelitafakari. Mtu anaibiwa nembo, hakasiriki. Anabeba mizigo ya mtoto asiye wake mpaka Saltpond. Anarudi anatabasamu. Bure? Na kwenye picha Ama kamshika kidole. Mtoto wa siku nane kajuaje kushika kidole cha mtu?

Leo Dzokoto kanipita, kasema, "Hongera, baba." Maneno mawili tu. Mengine kayaficha wapi?

Sahani ile imepitia mikononi mwa Sulemana safari nzima. Sikuigusa. Nimempelekea mlinzi wa lango aonje kwanza. Kala samaki wote, kalamba na vidole. Mpaka sasa hana neno, anaimba.

Naye nitamchunguza.