Mashine Haimujui Mama Nono

Siku ya kwanza ya juma, 5 mai

Kaye yangu, daftari yangu ya siri, unisamehe, nimekaa sana bila kukuandikia. Nono anaota meno, na mimi ninasinzia hata nikipika bukari. Lakini leo lazima niandike. Bamefunga compte yangu ya internet! Ile ya "Mama Nono", bantu banaagizaka samaki yangu ya kukauka! Na dada Chilufya amekwisha kupakia samaki ingine ku Kasenga. Mashine inasema nilete kitambulisho. Nimetuma carte yangu ya électeur, ile ya kupiga kura. Jibu palepale: huyu ni Lydie Nkandu, si Mama Nono. Palepale! Ku ofisi za hapa hata salamu haijibiwi mbio vile.

Siku ya tatu, 7 mai

Akili imekuja. Nimeenda kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa wetu, Papa Chishimba, anipigie muhuri kwamba Lydie na Mama Nono ni muntu mumoja. Amekataa! Amesema Mama Nono anamujua, alikula samaki yake ku Noeli. Lakini huyo Lydie hajamuona hata siku moja, na yeye hapigii muhuri bantu ba kusikia tu. Amenipa karatasi ya Mama Nono peke yake. Mashine imeikataa, haina picha. Hata muhuri wa Papa Chishimba haiogopi!

Siku ya tano, 9 mai

Samaki imefika. Nyumba yote inanuka muto wa Luapula. Jirani Cathy, naye muuza samaki, amesimama pa mulango akiuliza kama nimekufa ku internet, anisaidie kuuzisha ku compte yake. Nimesema asante, Mungu akubariki. Nimefunga mulango polepole.

Leo mashine inataka uso: geuka kushoto, geuka kuume, fumba macho. Nimevaa perruque, ile nywele ya kuvaa ku misa. Ikasema inaona bantu babili. Babili? Kumbe Nono ametoa kichwa mu kitenge, ku mugongo, anachekelea simu! Mashine iko huko ngambo ya bahari, na imeona mutoto ku mugongo wangu, hapa Katuba. Nimepiga musalaba. Nono nimemushusha, amelia, nimemubusu, nimemwambia hapana ni hapana. Nimegeuka tena peke yangu.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 10 mai

Bamefungua! Lakini bameweka jina la carte: Lydie Nkandu. Ole wangu! Mama mukwe wangu, Virginie, ndiye wa kwanza kuandika: wee Lydie, mwizi, rudisha compte ya muke wa mutoto wangu! Bateja bote bakamufuata, bakanishitaki kwa mashine. Saa sita bamefunga tena.

Bwana yangu Franck anasema nikae tu niuzishe samaki pa mulango. Kweli, bamama bamefuata harufu, banapiga hodi na vikapu. Nimebarudisha. Baagize kwanza ku simu, kama bantu ba heshima.

Siku ya kwanza ya juma, 12 mai

Nimefungua compte mupya: "Mama Nono wa Kweli". Siku ya kuzaliwa? Sikudanganya. Nimeweka siku ya Nono, maana Mama Nono alizaliwa siku ile, mu maternité, ku hospitali, nilipomushika mara ya kwanza. Mashine imejibu: wewe ungali mutoto mudogo, muzazi wako alete kitambulisho. Ajabu! Imejua hata kwamba nina mama!

Nimemwandikia Chilufya. Anitumie kutoka Kasenga: carte ya électeur ya mama yetu, picha ya mama bila kitambaa ku kichwa, mama mwenyewe, amekwisha kufundishwa kugeuka kushoto na kuume, na samaki ingine, kwani hii imeanza kuingia badudu.